Mikono ya Kushoto

4 Machi, Jumatatu

Koti langu la zamani la kazi halifungi tena. Vifungo vya kifuani vinakubali, vya tumboni vimegoma. Nimelivaa hivyo hivyo, wazi, nikajitazama kwenye kioo cha kabati na kujiambia, haya mama, twende. Mvua ya kwanza ya msimu ilinikuta hata sijafika kwenye lango la karakana.

Ngoja nijieleze, maana mwakani nikisoma haya nisije nikajishangaa. Mimi ni mkataji. Si mshonaji. Watu huchanganya, na zamani ilikuwa inaniudhi kweli kweli. Mshonaji huunganisha kilichokwisha kukatwa. Mkataji ndiye anayeamua kitambaa kiwe nini, na akikosea hakuna wa kukirudisha. Nilikuwa mkataji mkuu hapa kabla sijazaa. Akaja kifungua mimba, mwanangu wa kiume ambaye siku hizi sauti imeanza kumkwaruza. Mimba nyingine zikaharibika. Kisha akaja binti yangu wa mwisho, tunamwita Kitinda. Kila mwaka nikawa nasema mwakani. Sasa Kitinda ameanza shule, na mwakani yenyewe imefika.

Bosi amenichukua kwa majaribio mpaka mvua ziishe. Wakati huo kazi ya makoti ya wauguzi, tuliyopewa na hospitali, itakuwa inamalizika, na nafasi ya kudumu kwenye meza ya kukatia ni moja tu. Nyumbani nako ni yale yale. Baba watoto amesema nijaribu msimu huu, nyumba ikienda mrama tutakaa tuzungumze. Kwa hiyo najaribiwa huku na huku. Naitaka ile meza. Naiandika hapa kwa sababu nikiitamka kwa mdomo watu watadhani siwapendi wanangu.

5 Machi, Jumanne

Msimamizi wa ukataji ni Kadogo. Kadogo wangu! Alikuja kwangu hajui hata kushika mkasi, nikamfundisha kila kitu, mpaka namna ya kusimama ili mgongo usimuue. Siku hizi wanamwita Rula, kwa ajili ya rula ya chuma anayotembea nayo kwapani. Nilimwendea mikono wazi nimkumbatie, akanipa mkono mmoja. Karibu dada, akasema, kwa sauti ya ofisini.

Kisha akanieleza mambo yalivyobadilika. Zamani tulitandika kitambaa mezani kwa kwenda na kurudi, tabaka moja uso juu, linalofuata uso chini. Ukiweka karatasi ya mkono wa nguo na kuizungushia chaki mara moja, ukikata unapata mkono wa kulia na wa kushoto kwa mkupuo. Sasa wana mashine ya kutandika, inayojua kwenda tu, kurudi haijui. Matabaka yote yanalala uso juu. Kwa hiyo kila karatasi ya mkono unaichora, halafu unaigeuza unaichora tena, la sivyo unapata mikono ya upande mmoja. Na hakuna kukata kabla yeye hajakagua chaki.

"Usisahau kugeuza, dada."

Nikamwambia mimi ndiye niliyemfundisha kutandika. Akasema anajua, akaondoka zake. Mtoto wa watu amekauka, utadhani hatukuwahi kula sahani moja.

8 Machi, Ijumaa

Mvua. Miguu imevimba. Nimelala na soksi za kazini.

12 Machi, Jumanne

Mama mkwe amehamia kwetu tangu Jumamosi ili amshike Kitinda akitoka shule. Nashukuru, jamani, nashukuru. Lakini ni mtu wa kukagua. Anaonja maharage yangu, hasemi kitu, anaongeza chumvi. Anapita kwenye kamba tulizofunga sebuleni, maana nje hapaanikiki, anaishika nguo moja moja, anaguna. Nguo hazikauki. Nyumba nzima inanuka ubichi. Leo kaniuliza kama ni kweli tunafanya kazi tumesimama siku nzima. Nikasema ndiyo. Akaguna tena.

Baba watoto aliosha vyombo Jumapili. Nina bahati ya mume, kila mtu ananiambia hivyo, na yeye ndiye wa kwanza.

20 Machi, Jumatano

Leo mkono umerudi. Sijui nielezeje. Wiki mbili hizi kila nikiushika mkasi wa umeme naona watu wote wananitazama kiuno. Leo nimepiga chaki, Rula akakagua, nikaingiza mkasi na ukaenda wenyewe, kona kwa kona, mpaka kwenye ule mviringo wa kwapa unaowashinda wengi. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa ya chakula. Nilikuwa nimesahau kwamba nina akili ya kitu kingine zaidi ya nani amekula na nani hajaoga.

Rula alikuja, akaweka rula yake juu ya vipande, akaondoka bila neno. Nilinuna. Mpiga pasi, mama mmoja mwenye maneno mengi kuliko mvuke wa pasi yake, akacheka. Akaniambia Rula akinyamaza ujue umefaulu, angekuta kosa ungemsikia mpaka barabarani.

Nimerudi nyumbani nimelowa chapachapa na sikuhisi baridi.

22 Machi, Ijumaa

Mvua. Nguo hazikauki.

3 Aprili, Jumatano

Kitinda amekataa nisimsuke. Nilikuwa nimekwisha kukaa, kichana mkononi, mafuta pembeni, Jumatano niliyoomba ruhusa kutoka mapema kwa ajili hiyo hiyo. Akasema Bibi ndiye anayejua. Akaenda akakaa katikati ya magoti ya bibi yake, na bibi akamsuka huku ananitazama kwa juu juu. Niliumia. Nilijifanya naenda kuchungulia sufuria.

Baba watoto aliona yote. Alinifuata jikoni akaniwekea mkono begani, akasema polepole, unaona. Basi. Neno hilo moja tu, unaona, kwa upole kabisa. Ningeona nini?

11 Aprili, Alhamisi

Shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, alikuja jana kutusalimia akauliza siku hizi nafanya nini. Kabla sijafungua mdomo baba watoto akajibu, anajaribujaribu huko kwenye karakana, tumwache apunge upepo kidogo. Wakacheka. Mimi nikapeleka chai.

Nimelifikiri hili njia nzima leo asubuhi, mvuani. Hajawahi kunikataza. Hajawahi kupaza sauti. Yeye ni fundi magari, na ndivyo alivyo hata gereji kwake, akisikia injini inagonga haigusi, anasubiri izime yenyewe. Hanikatazi. Ananingoja.

15 Aprili, Jumatatu

Umeme unakatika kila saa kwa sababu ya mvua. Rula amenisifu, kwa kunyamaza.

17 Aprili, Jumatano

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilitoka vizuri. Hilo ndilo linaloniuma. Ningekuwa nimegombana na mtu, au Kitinda angekuwa mgonjwa, ningekuwa na pa kusingizia. Hapana. Niliamka na furaha. Nilifika karakana wa kwanza, nikaiendesha mashine ya kutandika mwenyewe, kitambaa cheupe cha makoti ya hospitali kikalala meza nzima, tabaka juu ya tabaka, uso juu, kimenyooka hakina hata kikunjo. Nikachukua karatasi ya mkono nikaanza kupiga chaki. Nilikuwa naimba kimoyomoyo. Nilijiona yule wa zamani, msichana mwenye kiuno, mkataji mkuu, Kadogo yuko pembeni anashika ncha ya kitambaa. Na mkono wangu ukapiga chaki ya zamani. Nilichora mkono wa nguo, nikasogeza karatasi, nikachora tena, nikasogeza, mpaka mwisho wa meza. Sikugeuza hata mara moja.

Rula alikuwa ameitwa ofisini. Taa zikaanza kusinzia. Nikaona umeme utakatika na mimi nimekaa tu nangoja mtu aje aniambie chaki yangu ni nzuri, mimi niliyemfundisha chaki. Nikawasha mkasi. Nilikata rundo lote. Umeme haukukatika hata.

Nilikuwa nakunywa chai nilipomsikia mshonaji wa kwanza akisema, hii nayo ya kushoto. Akachukua kingine. Hii nayo. Akamwuliza mwenzake, nipe ya kulia. Mwenzake akatafuta. Cherehani moja ikanyamaza, ya pili ikanyamaza, mpaka chumba kizima nikawa nasikia mvua juu ya bati. Nilijua kabla hawajaniita. Nikaweka kikombe chini nikakosa meza na kikavunjika.

Mikono yote ya kushoto. Kitambaa chote kilichotengwa kwa mikono ya makoti yote. Na hakigeuziki, kwa sababu upande wa nyuma unakwaruza, hata kipofu atauhisi kwa vidole.

Bosi alishuka. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Aliinua mkono mmoja, akaulaza, akainua mwingine, akauliza nani. Nilikuwa navuta pumzi niseme, Rula akanitangulia.

"Ukaguzi ni kazi yangu. Sikukagua."

"Nilikata bila kumngoja," nikasema. "Aliniambia tangu siku ya kwanza."

Bosi akatutazama sisi wawili, wanawake wazima tumesimama na rundo la nguo zenye upande mmoja. Akasema kiwanda kinachotuuzia hakina kitambaa kingine mpaka mvua ziishe. Akasema hospitali haingoji. Akapanda juu.

Nilitaka kuvua koti nitoke palepale. Rula akanishika kiwiko. Akasema, dada, lia baadaye, nisaidie kwanza. Mara ya kwanza tangu nirudi kuniita dada kwa sauti ile ya zamani. Alikuwa amekwisha kufikiri. Nusu ya rundo tuiache ya kushoto. Nusu nyingine tuilaze upya, tugeuze karatasi, tuukate mkono wa kulia ndani ya mkono wa kushoto. Mviringo wa juu hautaingia ulipokuwa, itabidi ushuke chini, na urefu utapotea. Tutapata mikono mifupi, na ile ya kushoto tutaipunguza ilingane. Makoti yaliyoagizwa ni ya mikono mirefu, lakini mifupi ni koti, kushoto tupu si kitu.

Tulikata mchana wote, yeye upande huu wa meza na mimi upande ule. Kila karatasi niliyoweka niliigeuza, nikamwonyesha, akaitika, ndipo nikapiga chaki. Hakunilaumu hata kidogo. Wakati wa kutoka alinipa mwavuli wake, akatoka yeye mvuani na rula yake kwapani. Na mimi mwezi mzima nimekaa namwita mkavu.

18 Aprili, Alhamisi

Nimekwenda. Hakuna aliyenisemesha isipokuwa mpiga pasi, na yeye alizungumza habari za mvua.

26 Aprili, Ijumaa

Hospitali wamekubali mikono mifupi, kwa kukunja uso. Bosi hanitazami. Nafanya kila kitu mara mbili. Nimekuwa mzito. Zamani nilikuwa naogopa kuambiwa mzee, sasa naogopa mkono wangu mwenyewe, maana ulinisaliti siku ambayo nilikuwa nauamini kuliko zote.

2 Mei, Alhamisi

Nimewaambia nyumbani. Nilikuwa nimeficha kwa aibu, lakini shemeji alilisikia mahali, na habari za mjini huzijui zinaingia kwa dirisha gani. Niliwaambia mezani, watoto wakiwepo. Kifungua mimba alicheka kidogo aliposikia mikono yote ya kushoto, kisha akaniona uso akainamia sahani yake.

Baba watoto aliinuka akaniletea chai. Alinikorogea sukari yeye mwenyewe. Akasema, "Pole, mama. Ulijitahidi."

Ulijitahidi. Nilikunywa ile chai yote. Hata bosi hajasema nimekwisha, lakini mume wangu amekwisha kunizika na matanga ameondoa. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage. Safari hii hakuguna.

13 Mei, Jumatatu

Mvua. Ukuta wa chumba cha watoto umeota ukungu. Nguo hazikauki.

16 Mei, Alhamisi

Mama mkwe kaniuliza ghafla, mkono wa nguo unakatwaje. Nilidhani ananicheka. Nikamwonyesha kwa gazeti, nikalikunja, nikalichora, nikaligeuza. Alitazama mpaka mwisho, akaliokota lile gazeti akaenda nalo chumbani kwake. Mama huyu simwelewi.

24 Mei, Ijumaa

Mvua zinapungua. Bosi aliniita juu. Kulikuwa na viti viwili na hakuniambia nikae.

Nafasi ya meza amepewa mkataji kijana aliyekuwa zamu nyingine. Bosi alisema si kwa ubaya. Alisema anaijua kazi yangu ya zamani, ila karakana inaendeshwa kwa kazi ya sasa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nilijua, na bado moyo uliniporomoka. Kisha akasema kuna nafasi kwenye benchi la kukata nyuzi, nikitaka. Jumatatu niwepo au nisiwepo, ndiyo jibu.

Benchi la nyuzi! Nguo ikishashonwa hubaki na nyuzi zinazoning'inia kwenye mishono. Unakaa na kimkasi kidogo unazikata. Ndipo tunapowaanzia wasichana wanaokuja hawajui kitu. Ndipo nilipomwanzia Kadogo.

Mpiga pasi alinidaka ngazini. Akaninong'oneza kwamba bosi alitaka nitoke kabisa, na Rula ndiye aliyekaa ofisini mle asubuhi nzima. Alisema nikitoka mimi, na yeye aandikiwe barua ya kuachishwa kazi, kwa sababu kosa lilikuwa la wawili. Benchi ndilo lililopatikana. Sikujua nimshukuru Rula au nimkwepe. Nilimkwepa.

25 Mei, Jumamosi

Tumekaa, tumezungumza, kama tulivyokubaliana. Yaani baba watoto ndiye aliyezungumza. Hakufurahi waziwazi, si mtu wa hivyo, lakini mabega yake yalishuka, mtu akitua mzigo unamjua. Alisema mke wake hawezi kukaa benchi moja na mabinti akikata nyuzi chini ya mtu aliyefundishwa naye. Alisema hakuna aibu, nimejaribu, kila mtu ameona nimejaribu. Alisema nyumba ipo. Kitinda naye ananihitaji.

Nilijibu sawa.

Na kwa kweli nilimwamini. Nimechoka. Nimechoka kulowa, nimechoka kuogopa mikono yangu, nimechoka kurudi nikute mtoto amesukwa. Nitapika, nitafua, na hakuna atakayeweka rula juu ya kitu nilichofanya. Nimelia jikoni, kimyakimya, bomba la maji limefunguliwa.

26 Mei, Jumapili

Nimelifua koti la kazi ili nilirudishe kabatini. Mvua ikarudi, ya mwisho mwisho, nzito. Nimelianika sebuleni na mengine. Kitu kibichi hakiwekwi kabatini, kwa hiyo litaning'inia hapo mpaka likauke, nami niwe naliona kila nikipita. Hata kuacha kazi kunataka jua.

27 Mei, Jumatatu

Niliamka kuchemsha maji ya chai. Koti halikuwepo kwenye kamba.

Mama mkwe alikuwa jikoni, amekaa kwenye kiti kifupi karibu na moto, koti liko magotini, kavu kabisa. Alikuwa ameamka alfajiri kwa ajili yake, analigeuzageuza mbele ya jiko kama mkate. Sindano ilikuwa bado imechomekwa kwenye gauni lake. Vile vifungo vya tumboni alikuwa amevikata vyote, akavisogeza mpaka ukingoni kabisa, akavishona upya kwa uzi wa rangi nyingine. Ushonaji wake ni mbaya. Mafundo makubwa makubwa.

"Vaa tuone," akasema.

Nikavaa. Likafunga.

Baba watoto alitoka chumbani akatukuta tumesimama hivyo. Akasema taratibu, mama, hili tumeshalizungumza.

"Mlizungumza nyinyi," mama mkwe akamjibu. Hakupandisha sauti. "Mimi nimemshika mtoto masika nzima. Sikumshika ili huyu arudi kunihesabia chumvi hapa jikoni."

Nilicheka. Sijacheka wiki ngapi sijui. Nilicheka nikaona machozi yananitoka, na baba watoto akatutazama, mke na mama yake. Alichukua mkate akaondoka, na mlango hakuubamiza. Leo jioni amenisalimia lakini amekula peke yake. Najua hatujamaliza.

Nilifika kazini koti limefungwa mpaka chini. Mabinti wa benchi wakanisogezea nafasi bila kujua wanitazame wapi. Rula akanipa kimkasi. Alitaka kusema kitu, midomo ikacheza, nikamwambia, "Lete kazi, msimamizi." Akageuka haraka.

Kazi yenyewe ilikuwa makoti ya hospitali. Ndiyo yanayomalizwa. Yakaletwa mbele yangu rundo zima, meupe, mikono mifupi. Nilikaa nikalitazama la juu kwa muda. Binti wa pembeni akanigusa, akauliza kama naumwa. Nikasema hapana. Nikashika mkono wa kushoto nikakata nyuzi zake, nikashika wa kulia, ule uliokatwa ndani ya mwingine, nikakata na zake. Nikalikunja nikachukua la pili. Yote yatapita kwangu, moja moja, na si leo wala kesho yatakapokwisha.

Jioni Kitinda aliniuliza leo nimekata nini. Nikamwambia nyuzi. Akauliza, basi? Nikasema basi. Akafikiri kidogo, kisha akauliza, na kesho? Nikamwambia kesho pia.

Koti nimelitundika nyuma ya mlango.